Kuketi Jukwaani, Katikati ya Waigizaji

RASHIDI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wapenzi. Msikilizaji mmoja anayejiandaa kusafiri kwenda New York ametuandikia kwamba amegundua baadhi ya tamthilia za muziki huuza tiketi za viti vilivyowekwa jukwaani, palepale waigizaji wanapochezea, naye anauliza ajiandae kukutana na nini. Dada Zuhura, wewe umewahi kuvikalia viti hivyo.

ZUHURA: Ndiyo, kaka Rashidi. Mwaka 2017 niliketi jukwaani katika ukumbi wa Imperial, Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo huko New York, kutazama "Natasha, Pierre & The Great Comet of 1812", tamthilia ya Dave Malloy iliyotokana na sehemu ndogo ya riwaya ya Tolstoy, Vita na Amani. Mbunifu wa mandhari, Mimi Lien, alikuwa ameugeuza ukumbi mzima kuwa mfano wa klabu ya Kirusi, wenye mapazia mekundu, picha tele ukutani, meza ndogo zenye taa, na njia zilizopenya katikati ya watazamaji hadi ghorofani. Pierre, mmoja wa wahusika wakuu, na piano yake walikuwa katika shimo la katikati, wamezungukwa na wanamuziki, na nyuma yangu kulikuwa na ngazi ambayo waigizaji waliipanda na kuishuka mbio.

RASHIDI: Wengi huamini kwamba kiti cha namna hiyo ndicho bora kuliko vyote.

ZUHURA: Ni kiti cha karibu, lakini aliye karibu haoni kila kitu. Mwongozaji Rachel Chavkin aliwapanga waigizaji waelekee kila upande, na hata hivyo upo wimbo ambao niliuona kwa kisogo cha mwimbaji tangu mwanzo hadi mwisho. Sauti nayo hubadilika, kwa sababu mara nyingi spika kubwa huelekezwa kwa walioketi ukumbini. Mpiga kodiani aliposimama hatua moja kutoka kwangu, niliisikia mivukuto ya ala yake ikivuta pumzi kabla noti haijatoka, jambo ambalo sitalisahau, lakini maneno ya aliyekuwa akiimba upande wa pili yalinipotea kabisa. Ndiyo maana ninamsihi msikilizaji wetu aijue hadithi kabla hajaingia: Natasha amechumbiwa na Andrey aliye vitani, anafika Moscow, na huko Anatole anamlaghai. Kijitabu cha mchezo kilikuwa na mchoro wa ukoo wa wahusika, na wimbo wa kwanza wenyewe uliwatambulisha mmoja baada ya mwingine, lakini mimi nilifurahi kwamba nilikuwa nimeyasoma hayo nyumbani.

RASHIDI: Na yeye mtazamaji huonekana?

ZUHURA: Huonekana na watu zaidi ya elfu moja, kwa sababu taa zinazommulika mwigizaji humfikia na yeye. Ukipiga mwayo au ukiwasha simu, unaonekana, na kibaya zaidi ni kwamba unamwondolea mwigizaji utulivu akiwa mbele yako kabisa. Kabla mchezo haujaanza, mhudumu wa ukumbi aliniomba kwa upole niurudishe mguu wangu ndani na niusukume mkoba chini kabisa ya kiti. Sikuelewa sababu mpaka dakika chache baadaye, gauni la mchezaji lilipopita likafagia sakafu mahali palepale mguu ulipokuwa.

RASHIDI: Historia inakuunga mkono, dada. Huko Paris, katika karne ya 18, waungwana walinunua nafasi za kukaa jukwaani, na mwaka 1748, tamthilia ya Voltaire iitwayo Sémiramis ilipooneshwa, watu walijazana jukwaani hata mwigizaji wa mzuka akakosa njia ya kupita. Viti hivyo viliondolewa katika jumba la maigizo la Comédie-Française, hukohuko Paris, mwaka 1759. Kwa hiyo viti vya leo ni desturi ya kale iliyorudi ikiwa na masharti.

ZUHURA: Na masharti hayo yanatuhusu sana sisi tuliolelewa na taarabu. Tumezoea kunyanyuka wimbo ukitugusa, kwenda mbele kwa madaha na noti mkononi, na kumtunza mwimbaji, naye hufurahi. Kule mtazamaji haondoki kitini wala hamgusi mwigizaji, hata moyo ukimwenda mbio. Shukrani yake ni macho na makofi.

RASHIDI: Lakini nimesoma kwamba waigizaji wenyewe huwashirikisha watazamaji.

ZUHURA: Huwashirikisha, ila wao ndio wanaoanza. Tuligawiwa pierogi, chakula cha unga kilichojazwa, kabla ya wimbo wa kwanza. Baadaye tulipewa vikayamba vyenye umbo la yai ili tufuatishe mdundo, na katika wimbo wa barua, karatasi zilipita mkono kwa mkono kati yetu. Iliponifikia, nilimpa jirani yangu mara moja, kwani wimbo haumsubiri mtu. Kila mchezo una utaratibu wake. Katika "Spring Awakening", iliyofunguliwa Broadway mwaka 2006, viti vilipangwa pande mbili za jukwaa, na baadhi ya waimbaji waliketi humo wakiwa na nguo za kawaida, hivyo jirani yako angeweza kusimama ghafla na kuanza kuimba.

RASHIDI: Ukipewa nafasi tena, utaketi palepale?

ZUHURA: Kwa mara ya kwanza ningechagua ukumbini, nione picha nzima, kisha jukwaani kwa mara ya pili. Lakini kuna jambo moja ambalo sidhani ningelipata kwingine. Mchezo ule huimbwa mwanzo hadi mwisho, isipokuwa sentensi moja tu, Pierre anapomfariji Natasha karibu na tamati. Muziki ulinyamaza, akaisema kwa sauti ya mazungumzo, na nilikuwa karibu kiasi cha kuona kidevu chake kikitetemeka. Kisha akatoka nje kuitazama nyota yenye mkia, ile inayotajwa katika jina la mchezo, ambayo ilikuwa thurea, yaani taa kubwa ya kuning'inia, juu yetu. Neno hilo thurea tumelipata kwa Waarabu, ambao huliita hivyo pia kundi la nyota tunaloliita kilimia. Walioketi ukumbini waliiona mbele yao. Mimi ilinibidi niinamishe shingo nyuma kabisa, na mwanga wake ukanijaa usoni.