Keki ya Guka, Debe na Moto wa Juu

KARIUKI: Karibuni tena. Leo tumepanga mambo matatu: vipimo vya zamani, moto usio na namba, na namna ya kuandika mapishi ya wazee wetu kabla hawajaondoka nayo. Salma ana karatasi.

SALMA: Ninayo, na nimeiandika vizuri. Lakini anza na sanduku, maana tangu juzi unanitumia picha usiku wa manane.

KARIUKI: Sanduku la guka, yaani babu yangu. Wiki hii tulikuwa Limuru tunahamisha vitu kwenye ile nyumba ya mbao, kaka yangu anataka kuibomoa. Chini ya kitanda kuna sanduku la bati. Ndani yake risiti za maziwa, koti la mvua, na daftari la shule. Nafungua, naona mapishi. "Siagi nusu ratili. Sukari nusu ratili. Mayai nne. Piga sana."

SALMA: "Piga sana." Huyo alijua kazi.

KARIUKI: Wanaotusikiliza tangu zamani wanajua guka alikuwa mpishi kwa mlowezi mmoja huko kwenye mashamba ya chai. Mimi nilidhani hajui kuandika. Kumbe kuna kurasa nzima za keki: keki ya matunda, keki ya tangawizi, keki ya kisibiti.

SALMA: Kisibiti! Sisi hicho tunakinunua kwa muuza viungo. Na ninyi wa bara msikichanganye na bizari nyembamba, zinafanana kwa macho tu.

KARIUKI: Nilinunua kwenye duka la viungo Ngara, nikanusa kwanza kama ulivyonifundisha. Hiyo ni keki ya Waskoti na Waingereza wa zamani. Ilifika hapa na walowezi, ikaingia kwenye vitabu vya akina mama wa kanisa. Kile maarufu kilitolewa Nairobi mwaka 1928 na chama cha wanawake wa kanisa la St Andrew's, lile la Kipresbiteri karibu na Chuo Kikuu. Kinaitwa *The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide*.

SALMA: Na mtindo wenyewe ni wa zamani zaidi ya hapo. Wanawake wa kanisa au wa mtaa wanakusanya mapishi yao, wanachapa kitabu, fedha zinakwenda kwenye shughuli yao. Marekani kimoja kilitoka Philadelphia mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kusaidia askari waliojeruhiwa.

KARIUKI: Basi nikaamua kuoka ile ya kisibiti palepale Limuru. Nusu ratili ni kama gramu 227. Siagi, sukari na unga vyote sawa, mayai manne, ambayo ukiyapima bila maganda yanakaribia uzito huohuo. Kijiko cha kisibiti. Daftari halisemi moto kiasi gani. Linasema "moto ya katikati, debe."

SALMA: Debe?

KARIUKI: Alikuwa anaoka ndani ya debe.

SALMA: Kariuki, hukuniambia hilo! Ulinitumia picha ya koti la mvua, hukunitumia debe! Debe limekaaje? Limelala au limesimama?

KARIUKI: Limelala. Mama ndiye aliyenieleza, alimwona akifanya. Ni lile debe la mafuta ya taa la galoni nne, kama lita 18. Unaondoa upande mmoja, unatengeneza mlango wake. Unalilaza juu ya mawe, unalizungushia udongo, moto chini.

SALMA: Na juu?

KARIUKI: Juu pia, makaa.

SALMA: Hapo sasa! Huo ni mkate wa mayai, Kariuki. Huo ni upishi wetu wa pwani. Sufuria juu ya jiko, kifuniko cha bati, makaa juu ya kifuniko. Mkate wa mayai hauna hamira, hauna beking pauda. Unachapa mayai na sukari mpaka yageuke meupe na mazito, ukiinua mchapo uzi wake unakaa juu kidogo kabla ya kuzama. Unga unaukunja polepole, na iliki. Kinachoinua mkate ni hewa uliyoitia kwa mkono wako. Sasa moto ukiwa chini peke yake, chini kunaungua na juu kunabaki kubichi. Kwa hiyo makaa mengi unayaweka juu, chini unaacha machache.

KARIUKI: Mama naye alisema hivyohivyo. Juu mengi.

SALMA: Kwa sababu joto linapanda! Makaa ya chini yanapeleka joto lao moja kwa moja kwenye sufuria. Ya juu mengi yake yanapotea hewani, kwa hiyo lazima uyazidishe. Mkate wa kumimina ni hivyohivyo, ule wa unga wa mchele na tui. Mwezi wa Ramadhani, Mji wa Kale, ukipita vichochoroni alasiri unasikia harufu ya iliki na makaa. Na moto wenyewe, bibi zetu walianza na makumbi ya nazi yakashika, ndipo makaa...

KARIUKI: Karatasi, Salma. Jambo la kwanza tulilopanga ni vipimo.

SALMA: Vipimo vitangoja. Alijuaje kwamba debe limepata moto?

KARIUKI: Karatasi nyeupe. Anaitia ndani, anahesabu. Ikigeuka rangi ya biskuti taratibu, huo ndio moto ya katikati. Ikiwa nyeusi upesi, anapunguza makaa. Kwa ovena ya leo ni kama nyuzi 180.

SALMA: Bibi yangu alitumia mkono. Anauweka juu ya kifuniko, pale mkono unapokataa kukaa ndipo pake. Na ile ya Limuru iliumuka?

KARIUKI: Iliumuka vizuri, na ninajua ni kwa nini. Kuna ukurasa guka ameandika "pauda kidogo, hapa juu." Limuru ni zaidi ya mita 2,000. Hewa ni nyepesi, gesi inatanuka sana, keki inapanda mbio kabla haijashika, halafu inazama katikati. Ndiyo maana unapunguza pauda, unaongeza moto kidogo ishike mapema, na maziwa kidogo maana maji yanakauka haraka. Mapishi ya Uingereza hayakujua hilo. Mpishi ndiye aliyegundua, akisimama mbele ya debe. Kwa hiyo mimi nasema hiyo ni keki ya guka.

SALMA: Hapo sikubaliani nawe.

KARIUKI: Najua.

SALMA: Kurekebisha pauda hakukufanyi uwe mwenye keki. Guka aliagizwa. Kiswahili kimo kwenye kitabu kile kwa ajili ya kumwagiza mpishi, si kwa ajili ya mpishi kusoma. Mtu yule tangu miaka ya 1920 alilazimishwa kuvaa kipande shingoni, kile kitambulisho cha kazi cha wakoloni. Ngano ililimwa Njoro kwenye ardhi iliyochukuliwa. Sasa leo tukiipamba tukasema "urithi wetu", tunawasafishia jina walowezi. Mimi ningeliweka daftari kama ushahidi, nikalisoma, nikalia ikibidi. Kuoka, ningeoka mkate wa mayai.

KARIUKI: Guka alivaa kipande. Ndiyo sababu sitaki kumwachia mwajiri wake na ile keki pia! Baada ya uhuru alirudi nyumbani, akawa anaoka keki za harusi kijijini kwetu. Shosho, nyanya yangu, aliuza keki zile. Mama yangu alikata keki ya mikono ya guka siku yake ya arusi. Nani alimwagiza hapo?

SALMA: Njaa. Na mazoea.

KARIUKI: Hapana. Hapo unamwondolea akili yake. Mtu anaandika "piga sana" kwenye daftari lake mwenyewe, analificha chini ya kitanda miaka yote, na wewe unamwita mwenye mazoea?

SALMA: Simdharau guka. Namheshimu kuliko kitabu. Lakini heshima si lazima iwe kwa kuirudia keki ya mtu aliyemwita boi.

KARIUKI: Basi na mkate wa mayai uuache. Wareno walikaa Ngome ya Yesu, kule Mombasa, mpaka 1698, na kwao kuna keki ya mayai, sukari na unga bila hamira.

SALMA: Kufanana si kuzaliana. Nionyeshe karatasi. Na hata ikiwa ni hivyo, mkate ule tumeufanyia iliki, tumeufanyia makaa, tumeufanyia karne tatu. Hakuna anayetuagiza.

KARIUKI: Guka ameifanyia mwinuko, debe na harusi. Ngoja karne tatu.

SALMA: Sikubali.

KARIUKI: Mimi pia sikubali.

SALMA: Mama yako anasemaje?

KARIUKI: Mama alikula vipande viwili, akasema sukari imezidi.

SALMA: Huyo ndiye wa kuulizwa. Muulize ni nani aliyemfundisha guka habari ya karatasi nyeupe, kabla kaka yako hajaibomoa nyumba. Rekodi sauti, usiandike tu. Na ulize mlango wa debe ulikuwa na bawaba au ulikuwa wa kuegemeza, maana moto unatofautiana kabisa, ule wa kuegemeza unavuja pembeni na keki inapasuka upande wa...

KARIUKI: Salma, fundi anaonyesha dakika mbili. Vipimo hatukuvigusa. Ratili tumeitaja tu, kibaba na pishi hata kidogo.

SALMA: Pishi moja ni vibaba vinne. Haya, hilo limesemwa.

KARIUKI: Na kuandika mapishi ya wazee?

SALMA: Hatufiki. Wasikilizaji, kama kwenu kulikuwa na debe la kuokea, tutumieni sauti mtueleze mlango wake ulikuwaje. Kariuki anataka majina ya wapishi pia.

KARIUKI: Nayataka, na kijiji. Kwaherini.

SALMA: Na ulisema limezungushiwa udongo, ni wa aina gani, ule mwekundu au...