Kocha kaondoka, kinyozi kaniacha nusu kichwa

Wana familia, mambo vipi? Karibuni tena kwenye chaneli yetu. Leo nipo ndani ya gari, maegesho ya hapa kazini, nimepewa nusu saa ya kula na nina chapati zangu mbili hapa. Mkiniona natafuna mnivumilie.

Jana mjomba kanipigia kutoka Mbagala. Nikamwamkia, akaitikia marahaba juu juu, hata watoto hakuwauliza. "Mpwa wangu, nasikia huko kwenu mmefungwa na kibonde, watu wanalia. Si ulisema mmeleta kocha wa mabilioni?"

Ni kweli, tumefungwa. Jumamosi, tarehe 5 Oktoba 2024, mpira wa Kimarekani wa vyuo: Chuo Kikuu cha Vanderbilt 40, sisi Alabama 35. Hao Vanderbilt mara ya mwisho kutufunga ilikuwa 1984. Mashabiki wao wameng'oa milingoti ya goli, wameibeba mitaani Nashville na kwenda kuitosa Mto Cumberland. Na sisi wiki moja tu kabla tumetoka kuwapiga Georgia! Basi ngoja niwaeleze huyu kocha tulimpataje, maana Bongo kutimua makocha tunajua sana, Simba alipokula tano za Yanga mwaka 2023 kocha wake Robertinho hakumaliza wiki. Lakini ya huku ni mengine.

Rudini na mimi Januari 10, 2024, Jumatano, saa kumi na kitu jioni. Huko kwenu saa saba usiku, mmelala. Mimi nipo kwenye kiti cha kinyozi hapa Tuscaloosa, mashine inaunguruma, upande wa kushoto umeshaisha. Mara simu zote mle ndani zikalia kwa pamoja. Huku simu zikilia hivyo unajua ni tahadhari ya kimbunga, na tangu kile cha Aprili 2011 hakuna anayeipuuza. Nikataka kuinuka. Kinyozi akazima mashine, akasoma, akakaa chini. Mzee mmoja pembeni akavua kofia. Nikasema hapa kuna msiba.

Kocha wetu, Nick Saban, amestaafu.

Nilikaa na nusu kichwa karibu dakika ishirini. Hakuna aliyenitazama.

Mjomba anauliza, si mwalimu wa michezo wa chuo tu huyo? Mjomba, uwanja wa chuo hiki unaingiza watu zaidi ya 100,000. Wa Mkapa pale ni 60,000. Mji wenyewe una watu kama laki moja, yaani ungeweza kuwaingiza wote wakakaa, na mbwa wao. Saban alikaa miaka 17, akabeba ubingwa wa taifa mara 6 hapa, juu ya ule mmoja alioupata chuo cha LSU. Ana sanamu nje ya uwanja akiwa hai. Jioni ile watu wakaanza kupeleka maua pale, na vile vibiskuti laini vya shayiri vyenye krimu katikati, kwa sababu kila mtu anajua mzee alikuwa anakula viwili kila asubuhi. Sanamu ikajaa vibiskuti. Mimi mwenyewe nilikwenda kuangalia, kofia hadi kwenye masikio, mnajua kwa nini.

Sasa sikilizeni hapa ndipo penye utamu. Mkurugenzi wa michezo, Greg Byrne, akawaambia wachezaji: nipeni saa 72 nitawaletea kocha. Kwa nini haraka hivyo? Wengi wanadhani ni presha ya mashabiki. Siyo. Ni kwamba wakati ule kocha mkuu akiondoka, wachezaji walikuwa wanafunguliwa dirisha la siku 30 kuhamia chuo kingine. Kila saa inayopita bila kocha, kuna chuo kinampigia mama wa mchezaji wako. Na bado wengine walikwenda, Caleb Downs, beki bora kabisa, akatua Ohio State.

Na kazi ile haitangazwi popote, hakuna barua ya maombi. Mimi hii kazi ya kubeba maboksi nilisubiri wiki saba wakichunguza kama nimewahi kuiba kuku! Kule, wakurugenzi wanarusha ndege kumfuata kocha wanayemtaka, na watu wazima wenye familia wanafuatilia ndege hizo kwenye simu: imeruka wapi, inaelekea wapi. Dan Lanning, kocha wa Oregon, akatoa video kabisa kusema yeye haendi popote. Mike Norvell wa Florida State akasaini mkataba mpya kwake. Jina likitajwa tu Alabama, mshahara wako unapanda.

Saa kama 49 tu, Ijumaa, kapatikana: Kalen DeBoer wa Washington. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo alikuwa Houston akicheza fainali ya taifa, akafungwa na Michigan 34 kwa 13. Ijumaa kashakuwa wetu. Pesa ya kuvunja mkataba wake inatajwa kuwa dola milioni 12.

Lakini pengo halikuzibwa, lilihama tu. Washington wakamchukua Jedd Fisch wa Arizona. Arizona wakamchukua Brent Brennan wa San Jose State. San Jose nao wakaenda kumtafuta Ken Niumatalolo. Mzee mmoja kastaafu Alabama, kijana wa California anaamka hana kocha. Na kocha mkuu wa South Alabama, chuo kingine kabisa, Kane Wommack, aliacha ukuu wake aje kuwa msaidizi hapa. Kocha mkuu wa chuo cha Buffalo naye, vivyo hivyo.

Mjomba akacheka, akasema na huyu DeBoer mtamtimua lini. Sikucheka. Alipoondoka kocha wetu wa zamani Bear Bryant mwaka 1982, mpaka Saban anatua Januari 2007, yalipita majina saba. Mmoja, Mike Price, alitimuliwa 2003 kabla hajaongoza mechi hata moja. Na kutimua huku si bure: Texas A&M mwaka 2023 walikubali kumlipa kocha wao Jimbo Fisher zaidi ya dola milioni 75 aende tu nyumbani.

Haya, kengele ya kazini inanisaka, chapati nimemaliza moja. Ila jana jioni nilipita kwa kinyozi, yule yule, kiti kile kile. Upande wa kushoto umekwisha, akasimama, akatoa simu mfukoni, anasogeza ramani kwa kidole. "Kaka," ananiambia, "hebu angalia hii ndege."

Nikamwambia kaka, malizia kulia kwanza.