Ramani Iliyobadilishwa Rangi ni ya Nani?

Waheshimiwa wahadhiri, nanyi wanafunzi wa uzamili mliokusanyika hapa Kampala,

Wizi wa kitaaluma ukitajwa, wengi hufikiria aya iliyonyofolewa neno kwa neno, na kwa kuwa programu za kulinganisha maandishi huikamata upesi, tunajiona tumekuwa salama. Leo nazungumzia ramani, picha na grafu, ambazo aghalabu hupenya programu hizo bila kuguswa.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago hapa Kampala, alieleza mwaka 1958 saratani ya taya za watoto ambayo sasa inaitwa kwa jina lake. Alituma maswali kwa hospitali nyingi za Afrika, kisha mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaendesha gari maili 10,000 hivi, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali ugonjwa huo unaishia wapi. Ramani yake ya mipaka ya ugonjwa huo ilitokana na jasho hilo. Sasa mwanafunzi akiichora upya kwa kompyuta, akageuza kijani kuwa buluu na kuandika chini yake "Chanzo: Mtafiti", hajanakili sentensi hata moja, lakini ameiba, maana mpaka ule aliouchora hakuutafuta yeye. Alipaswa kusema kuwa mchoro umetoholewa kwa Burkitt, ataje makala, mwaka na ukurasa, na aeleze alichobadilisha. Kuhusu "Chanzo: intaneti", ambayo huniudhi kuliko kunyamaza kwa sababu inajivika sura ya uaminifu, ni kama shahidi anayedai aliambiwa na mtu sokoni.

Kutaja jina, hata hivyo, si kupata ruhusa. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 hailindi wazo tupu, bali namna wazo lilivyoandikwa au kuchorwa. Hivyo waweza kumtaja mpiga picha kwa heshima zote na bado ukaivunja sheria, ukiichapisha picha yake kitabuni pasipo idhini yake. Kinyume chake, ramani ambayo muda wake wa ulinzi umekwisha haina haja ya kuombewa ruhusa, lakini ukificha imetoka wapi umeiba, hata kama hakuna mahakama itakayokuita.

Takwimu nazo zina utata wake. Ukichukua jedwali la Idara ya Takwimu ya Uganda ukalifanya grafu, grafu ni yako, takwimu si zako, na maelezo ya chini yake hayana budi kuyasema yote mawili.