Shule haina pa kuhamia: kodi ya pango kwenye majengo ya umma

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Leo nawapeleka Hong Kong, na msiniulize mbona mbali hivyo, pale hili suala la shule kupanga kwenye nyumba za serikali lina umri mrefu kwa hiyo unaliona lote.

Usiku wa Krismasi 1953 moto uliteketeza mabanda ya Shek Kip Mei, watu kama 53,000 wakakosa pa kulala. Serikali ya kikoloni ikaanza kujenga maghorofa ya kuwahamishia, yale yenye umbo la herufi H, familia nzima chumba kimoja, choo na bomba mnachangia. Shule zikakaa wapi? Juu ya paa! Kweli kabisa, watoto wanasoma juu ya paa, pembeni uzio wasije wakadondoka, na waendeshaji wengi ni makanisa na vyama vya hisani. Shule na nyumba ya umma pale zimekua pamoja.

Sasa turuke mpaka saivi. Chekechea za kule zinaendeshwa na mashirika na watu binafsi, na nyingi ziko chini ya yale maghorofa ya umma, mwenye nyumba ni Mamlaka ya Nyumba, chombo cha serikali. Zile zisizo za faida zinatozwa nusu ya kodi ya soko. Ukisikia nusu unasema aah, hawa wamependelewa. Subiri kwanza, nusu ya nini? Soko likipanda, siku ya kuhuisha mkataba ile nusu nayo inapanda, wakati darasa ni lile lile, mwalimu yule yule na rangi ya ukuta ndo inazidi kubanduka.

Mwenye duka kodi ikimzidi anaongeza bei ya sabuni au anafunga anahamia mtaa wa pili. Chekechea inahamia wapi? Watoto wenyewe wanashuka kwa lifti kutoka juu, vyoo vilishajengwa vifupi vya saizi yao, masinki yamewekwa chini, na usajili wa shule umeandikwa kwa jengo lile lile. Mpangaji asiyeweza kuondoka hana cha kujadiliana, hilo ndo tatizo lenyewe, mengine yote ni hesabu tu.

Na hesabu nazo ni mbaya. Mwaka 2011 Hong Kong walizaliwa watoto zaidi ya 95,000, mwaka 2022 wakawa 32,000 na kitu. Ruzuku ya msingi ya chekechea, tangu mpango mpya wa 2017, inahesabiwa kwa kichwa cha mtoto, ila kodi inahesabiwa kwa ukubwa wa chumba, kwa hiyo viti vikiwa vitupu hela inapungua na kodi iko pale pale. Ipo ruzuku ya kodi ndiyo, lakini kwa masharti, na hapo serikali inatoa hela mfuko wa kushoto inaingiza wa kulia, huku mwalimu mkuu ndo anajaza fomu za katikati.

Mimi ningetaka kodi ya shule ifuate gharama za kutunza jengo, isifuate bei za maduka ya jirani. Halafu tarehe. Muhula unaanza Septemba, ada imeshapangwa na kuongeza kunahitaji kibali, sasa barua ya kodi mpya ikija Novemba hiyo tofauti inatoka wapi kama si kwenye mshahara wa mwalimu msaidizi?

Haya maswali, mama pale mbele anza wewe.