Kima Alikuwa Analinda Nini?

Asanteni. Mwenyeji wangu amenitambulisha kama mtaalamu wa sayansi. Jamani, hapana. Mimi ni mwandishi na mpiga filamu. Sayansi naifuata kama watoto wafuatavyo ngoma, nyuma nyuma, nikiuliza.

Filamu yangu ya kwanza ilihusu msitu wa Zika, pale karibu na Entebbe. Mwaka 1947 watafiti walikuwa wakisaka homa ya manjano. Waliweka kima wa kutoka Asia kwenye vizimba, juu ya majukwaa mitini, wakawa wanawapima joto kila siku. Aprili, kima namba 766 akapandwa na homa. Katika damu yake kikapatikana kirusi kisicho na jina, wakakipa la msitu.

Sasa, maandishi ya kitaalamu kwa Kiingereza huwaita wanyama hao walinzi. Nami, bila kufikiri, nikaandika "kima mlinzi". Nikamwonyesha mjomba wangu, mvuvi wa Kasenyi. Alitazama kimya mpaka mwisho.

"Huyo kima alikuwa analinda nini? Miti?"

Nikamweleza kwamba halindi chochote, kawekwa pale mbu wamuume ili ionekane ataugua nini.

"Aa, chambo! Si ungesema?"

Neno moja la mwaloni, na maelezo ya dakika tatu nikayafuta. Tangu hapo sirekodi sauti ya msimulizi kabla mjomba hajasomewa andiko. (Anadai chai na mandazi tu. Wahariri ni ghali zaidi.)

Neno hilo halikuishia kwa kima. Mwaka 1960 ulihamishiwa Zika mnara wa chuma wa mita 36 hivi, kutoka msitu wa Mpanga. Huko juu, kimo baada ya kimo, watu walikaa kwa zamu usiku na mchana wakikamata mbu waliowajia kuuma, ili ijulikane mbu gani huuma saa ngapi, na umbali gani kutoka ardhini. Chambo tena, ila hawa wana wajukuu. Nilipoupanda na kamera mgongoni, magoti yakinicheza, niliwawaza wao, wala si virusi. Filamu nikaisuka upya.

Habari ya riziki haina maneno mengi: sayansi haijanijengea hata choo, kodi ya nyumba inalipwa na harusi. Jumamosi nina moja Mukono na betri bado sijachaji, kwa hiyo mwenye swali aulize sasa.