Sauti Kwanza, Picha Baadaye: Somo Moja la Kifaransa kwa Shule Tatu za Kanda ya Ziwa

Walimu wenzangu, shikamooni wakubwa zetu, na wengine habari za asubuhi.

Somo likifundishwa kwa video mtandaoni, mwalimu wa Kifaransa akiwa Nyamagana, mjini Mwanza, na wanafunzi wake wakiwa Sengerema na Nansio, kisiwani Ukerewe, watu huulizia kamera kwanza. Kamera ya kompyuta mpakato inatosha. Kinachoharibu somo la lugha ni sauti.

Chukueni maneno haya: *vin*, *vent*, *vont*. Yote yanaanza na v, na tofauti imo katika irabu inayopitia puani tu. Mwanafunzi wa dawati la nyuma, mita sita kutoka kwenye kompyuta, anatamka *vent*; kinachomfikia mwalimu ni mwangwi wa kuta za saruji. Hawezi kumsahihisha, anabahatisha. Kwa hiyo maiki imfuate mwanafunzi: ya waya, mita 10, ipite mkono kwa mkono, ishikwe sentimeta 15 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiivumishe. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti ya msemaji hushuka desibeli 6 hivi, ila mwangwi unabaki uleule. Na kile kipengele cha programu cha kupunguza kelele kiwekeni chini, maana kikizidi huweza kula s na f.

Kuitikia kwa pamoja, silaha yetu ya siku zote, hapa kunatuangusha. Sauti ya kila shule inachelewa kwa kiasi chake, na programu nyingi huipa nafasi sauti moja na kuzififisha nyingine. Shule zote zizime maiki, darasa liitikie mbele ya mwalimu msimamizi wa palepale, kisha iitwe shule moja, mwanafunzi mmoja mmoja kwa jina. Katika kipindi cha dakika 40, kwa maoni yangu, shule tatu ndiyo mwisho. Ya nne inageuka watazamaji, na watoto hao tunawanyima haki yao.

Bando nalo: picha ya megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 300 kwa kipindi, sauti ya kilobiti 64, kama 20 tu. Mtandao ukianza kukatakata, zimeni picha za madarasa, mbakize uso wa mwalimu. Ila kwa *tu* na *tout* hata uso huo hautoshi: midomo huviringwa vilevile, kinachotofautiana ni ulimi usioonekana. Basi kwa *tu* mwanafunzi aanze na i ya Kiswahili, aviringe midomo taratibu bila kusogeza ulimi.

Mvua ikipiga bati lisilo na dari, hakuna maiki itakayosaidia: msimamizi agawe zoezi la kuandika. Umeme ukikatika mjini, Nansio waendelee na flashi iliyovushwa siku moja kabla, kila neno limerekodiwa mara mbili, na sekunde nne za kimya baada yake ili darasa lirudie.