Skeli ya Meja kwa Piano na Gitaa: Hesabu Vidato

Asalaam aleikum, ndugu watazamaji, karibuni tena. Leo niko nyumbani Lamu, kibodi iko mbele yangu na gitaa limeegemea ukuta hapa kando. Wengi mmeomba nieleze skeli ya meja, yaani noti zinazopanda kwa mpangilio maalumu. Najua mmeshaikariri: C, D, E, F, G, A, B, C. Mnaipiga vizuri kabisa. Lakini mtu akisema anza D, vidole vinasimama.

Yalinikuta hayo. Nilikuwa napiga kibodi harusini, mwimbaji akaniinamia akaninong'oneza: "Kaka, hapo chini sana kwangu, nipandishie, anza D." Nikahamisha mkono hadi D, nikaendelea na zile noti nyeupe nilizozizoea. Wimbo wa furaha ukaingia huzuni papo hapo. Vigelegele vikakatika. Usiku ule ndipo nilipotambua kwamba nilikariri majina tu, skeli yenyewe siijui.

Kabla hatujagusa kibodi, njoo na kamera huku. Hii ni ngazi ya nyumba yetu. Nyumba ni ya mawe, ya zamani, na vidato vyake havilingani: hapa unainua goti, pale unasogeza mguu kidogo tu. Mgeni hujikwaa. Mimi naipanda gizani bila taa, maana mguu unajua kidato kipi kirefu na kipi kifupi. Skeli ya meja ni ngazi ya namna hiyo. Ina vidato saba, vitano virefu na viwili vifupi, na mpangilio wake haubadiliki popote utakapoanzia.

Haya, turudi kwenye kibodi. Tazama noti nyeusi: zimekaa mbilimbili na tatutatu. Tafuta kundi la mbili. Noti nyeupe iliyo kushoto kwake, inayogusana nalo, ndiyo C. Weka kidole gumba cha mkono wa kulia hapo.

Sasa pima kidato kifupi. Kutoka noti yoyote nenda kwa jirani wa karibu kabisa, awe mweusi au mweupe. Huo mwendo ni nusu toni. Ukiruka jirani mmoja, umekwenda toni nzima. C hadi D ni toni nzima, kwa sababu katikati yao kuna nyeusi. Ila angalia E na F: hapana nyeusi kati yao. B na C vilevile. Hapo pawili, nyeupe na nyeupe wametengana kwa nusu toni tu. Chovya kidole pale, E, F, E, F, usikie jinsi walivyokaribiana. Ukilielewa hili, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Panda nami kutoka C, tuhesabu kwa sauti: nzima, nzima, nusu, nzima, nzima, nzima, nusu. Jumla yake ni nusu toni 12, nawe umefika C ya juu. Vidole vya kulia: gumba, cha shahada, cha kati, halafu pitisha gumba chini ya kiganja lishike F, kisha vingine vinne vifuatane hadi juu. Usikimbie. Rudia mara kumi polepole, huku mdomo ukitamka nzima na nusu badala ya majina ya noti.

Waliopitia kwaya shuleni watasema hii ni do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Naam, ndiyo hiyo, nao walifundishwa vyema: do ni kidato cha chini popote mwalimu alipoianzisha, na mi-fa na ti-do ndivyo vifupi. Imba hadi ti usimame hapo. Sikia koo linavyoitaka do. Ule mvuto unatokana na kile kidato kifupi cha mwisho.

Sasa jaribio. Anza G, panda kwa nyeupe tupu: G, A, B, C, D, E, F, G. Mwanzo mzuri, mwishoni panapwaya. Kwa nini? Hesabu inataka toni nzima baada ya E, na E hadi F ni nusu. Sogeza F kulia, uguse nyeusi yake, ndiyo F shapu. Kutoka hapo hadi G inabaki nusu. Ngazi imekaa sawa.

Ukianzia F, kasoro inatokea kwingine. F, G, A ni sawa, ila baada ya A tunataka nusu, na B iko toni nzima. Ishushe iwe B flati. Mtu atauliza, si ndiyo ile ile A shapu? Kitufe ni hicho hicho, lakini kila herufi hutumika mara moja katika skeli, na A tumeshaitumia.

Ngoja kidogo, adhana ya alasiri hiyo. Tutaendelea ikimalizika.

Haya. Gitaa. Litune kwanza, na kama unaishi pwani futa nyuzi kila ukimaliza kupiga, kwa sababu chumvi ya bahari inakula chuma. Freti ni nafasi zile zilizogawanywa na vyuma vya shingoni. Freti moja ni nusu toni, freti mbili ni toni nzima. Ndiyo maana gitaa linaionyesha skeli waziwazi kuliko piano. Shika uzi wa pili kutoka chini, ule wa B. Bonyeza freti ya 1, hiyo ni C. Kisha 3, 5, 6, 8, 10, 12, 13. Umeona pale 5 na 6, na 12 na 13, vidole vinavyobanana? Hivyo ndivyo vidato vifupi, unaviona kwa macho.

Bila kurukaruka shingoni, skeli hiyo hiyo ya C, ikianzia C ya chini yake (oktavu moja chini), inapigwa hivi, nyuzi zikihesabiwa kutoka chini: uzi wa tano freti ya 3, uzi wa nne wazi (bila kubonyeza), 2, 3, uzi wa tatu wazi, 2, uzi wa pili wazi, 1.

Wapenzi wa taarabu huniuliza kila mara mbona nyimbo nyingine za kale hazikai kwenye kibodi. Kosa si lako. Maqam ni skeli za muziki wa Kiarabu. Ile ya Ajam inalingana na meja, hiyo utaipiga bila shida. Lakini maqam ya Rast, ikianzia C, noti yake ya tatu inakaa kati ya E flati na E. Udi hauna freti, kidole kinatua popote sikio linapotaka. Piano haina kitufe pale. Baadhi ya kibodi zina sehemu ya kuishusha noti moja kwa robo toni. Kama yako inayo, itumie.

Sasa ile D ya harusini. Kwenye gitaa, uzi ule ule wa B, anza freti ya 3 na usogeze kila kitu freti mbili kulia: 3, 5, 7, 8, 10, 12, 14, 15. Umbo ni lile lile. Kwenye piano, weka gumba kwenye D, utamke nzima, nzima, nusu, na utafute mwenyewe. Ukifika juu ukawa umegusa nyeusi mbili, umeipata. Ukiwa umegusa moja tu, rudi kwenye noti ya saba, hapo ndipo wengi wanapoisahau C shapu.